Mto Unapotoa Maiti

Magharibi mwa Karagwe na Kyerwa, mto Kagera ndio mpaka wetu na Rwanda. Maiti ikionekana imenasa kwenye mafunjo, polisi huitwa, mwenyekiti wa kijiji hufika, na kila aliyepo huwa na lake: kasukumwa, alikuwa amelewa, kavutwa na mamba. Daktari wa uchunguzi hasemi kitu. Anautazama mwili.

Huanza na mikono. Ngozi iliyokaa majini hukunjamana na kuwa nyeupe. Siku zikipita huachana na nyama, na mwishowe huvuka nzima pamoja na kucha, kama glavu. Asiyejua angeitupa. Mtaalamu huisafisha taratibu, akaivaa kwenye kidole chake mwenyewe juu ya glavu ya mpira, akakipaka wino na kukibonyeza kwenye karatasi. Kidole cha aliye hai kinapiga chapa kwa niaba ya marehemu, na chapa hiyo yaweza kulinganishwa na alama ambazo wengi wetu tulizitoa NIDA tulipojiandikisha kwa vitambulisho vya taifa.

Kazi ngumu zaidi ni kujua alikufa lini. Kanuni ya Casper, daktari wa Ujerumani wa karne ya 19, inasema wiki moja ya kuoza hewani ni sawa na mbili majini na nane ardhini. Ni mwongozo tu. Linaloamua ni joto, na wilaya hizi hazina joto moja: Kayanga, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, bondeni mtoni joto huzidi. Mabuu wa aina ileile ya nzi hukua upesi bondeni na kuchelewa mlimani. Kwa hiyo mchunguzi makini hupima joto la palepale mwili ulipolala. Huwatafuta mabuu wakubwa kuliko wote. Baadhi huwatia kwenye maji ya moto kisha kwenye spiriti ili wasisinyae. Wengine huwafuga na kuwalisha mpaka wawe nzi kamili, kwani mabuu wa aina nyingi hufanana mno. Baada ya yote hayo huandika “kati ya siku nne na sita”, na hata akibanwa hataji siku moja. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo.

Ni vivyo hivyo polisi wakimuuliza kama mtu alikufa maji au alitupwa akiwa amekwisha kufa. Kuna vijimea vya majini vyenye maganda magumu ambavyo, mtu akizama angali hai, damu inayozunguka huweza kuvifikisha hadi kwenye uboho. Wataalamu bado wanabishana kuhusu uzito wa ushahidi huo, na daktari mwaminifu huueleza ubishi wenyewe.

Mwaka 1994 mto huuhuu ulibeba maelfu ya waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda, ukawapitisha Rusumo na kandokando ya Karagwe hadi ziwa Victoria. Wananchi wa Uganda waliwaopoa na kuwazika Kasensero, Lambu na Ggolo. Walikuwa wengi mno, wameharibika mno. Wakazikwa bila majina.

Ardhi ilitunza zaidi. Mwanzoni mwa 1996, huko Kibuye, Rwanda, kando ya ziwa Kivu, timu ya mwanaanthropolojia William Haglund ilifukua kaburi la pamoja karibu na kanisa, kwa ajili ya mahakama ya kimataifa ya Arusha iliyosikiliza kesi za mauaji hayo. Ilitoa zaidi ya miili 450, mingi ikiwa ya wanawake na watoto. Wa pembezoni walibaki mifupa. Waliobanana katikati walikuwa bado na nyama. Nguo zao zilifuliwa, zikaanikwa, na manusura wakaitwa kuzitambua. Majina yaliyopatikana yalikuwa machache sana. Waliosalia walibaki na namba walizopewa kaburini. Ila umri, jinsia na majeraha ya mafuvu vilisomeka, na Haglund akavitolea ushahidi. Mei 21, 1999, Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Kibuye, alihukumiwa kifungo cha maisha, na mfanyabiashara Obed Ruzindana miaka 25.