Mtaa Mzima au Ploti Moja: Walivyojenga The Sims 3 na The Sims 4

Tangu The Sims 4, mchezo wa kompyuta wa kuigiza maisha ya watu, itoke Septemba 2014, mashabiki wa mfululizo huo wamegawanyika kambi mbili. Kambi moja inashikilia kwamba mfululizo ulifika kilele na The Sims 3 ya Juni 2009, na kwamba kilichofuata ni kupunguziwa tu. Kambi ya pili inajibu kwamba The Sims 3 huganda mpaka uchoke, na kwamba ya nne ndiyo iliyowapa wahusika hisia zinazoonekana usoni. Wengi huuchukua ubishi huu kuwa wa ladha. Mimi nauona ni ubishi kuhusu uamuzi mmoja wa kiufundi: nguvu za kompyuta zitumike wapi. Na kwa anayechezea Migori mjini, Rongo au Mbita, uamuzi huo unamgusa kuliko unavyomgusa mchezaji wa California, mchezo ulikotengenezewa.

Tuanze na mzizi. Will Wright wa kampuni ya Maxis aliunguliwa na nyumba katika moto mkubwa wa Oakland mwaka 1991, na kazi ya kuanza upya, kutafuta kila chombo cha nyumbani kimoja kimoja, ilichangia wazo la The Sims ya kwanza, iliyotoka Februari 2000. Mhusika alipewa mahitaji manane: njaa, starehe, usafi, haja, nguvu, burudani, watu wa kuongea nao, na mazingira ya chumba. Ila akili ya kuyatimiza hakuwekewa yeye. Iliwekwa ndani ya vitu. Friji ndiyo inayojua hatua zote za kutoa chakula, na kitanda ndicho kinachojua kulala kunafanywaje. Kila kitu hujitangaza kwa mhusika aliye karibu, mithili ya wauzaji wa sokoni wanaoita wapita njia: njoo hapa, njaa yako itapungua kwa kiasi hiki. Mhusika hupima kila tangazo dhidi ya shida aliyo nayo na umbali wa kutembea, kisha huchagua mojawapo ya yale yenye alama za juu, kwa bahati nasibu kidogo ili asionekane roboti.

Huu ni usanifu mzuri sana, na ndio uliozaa biashara inayowaudhi mashabiki leo. Ikiwa tabia inakaa ndani ya kitu, basi unaweza kuuza kitu kipya pamoja na tabia yake bila kuugusa mchezo wenyewe. Ndiyo maana vifurushi vya nyongeza vilianza mapema na havijakoma. The Sims 4 pekee ina zaidi ya 15 vile vikubwa, na bei ya kawaida ya kimoja ni kama dola 40, yaani zaidi ya shilingi 5,000 za Kenya.

The Sims 3 ilithubutu jambo ambalo zilizotangulia hazikuwa nalo: mji mzima ukawa wazi. Mhusika anatoka mlangoni, anatembea hadi sokoni, anapita nyumba ya jirani na kuona watu wamo ndani wanaendelea na mambo yao, na hakuna skrini ya kusubiri hata moja. Majirani wanaoa, wanapata kazi, wanahama, wewe hupo. Walio mbali walihesabiwa kwa wepesi zaidi kuliko walio mbele ya macho, lakini walihesabiwa.

Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, jaribu kujenga boma la Kijaluo ndani ya mchezo. Nyumba ya mke mkubwa inatazama lango. Ya mke wa pili inakaa upande wake wa kulia, ya wa tatu kushoto. Karibu na lango kuna simba, nyumba ya kijana ambaye bado hajaoa. Kuta na mabati si tatizo, ramani yote unaweza kuichora. Tatizo ni watu: familia moja mwisho wake ni wahusika wanane, katika The Sims 3 na pia katika The Sims 4. Boma lenye wake wawili, wana wakubwa na wajukuu halitoshi humo. Katika The Sims 3 kuna njia ya kuponea. Unampa kijana aliyeoa ploti ya jirani, na mama yake akiwa uani anamwona akipita, anamfuata, wanaongea. Katika The Sims 4, kijana yuleyule akiwa ploti ya pili, mama akigonga mlango kuingia, skrini ya kusubiri inakuja. Waliobaki nyumbani nao hawahesabiwi tena kwa undani. Kifurushi cha For Rent cha Desemba 2023 kiliruhusu hadi nyumba sita katika ploti moja, na hilo limesaidia, lakini lilichukua miaka tisa na linalipiwa.

Kwa hiyo wanaoipenda The Sims 3 hawasumbuliwi na kumbukumbu za utotoni tu. Maisha ya kwetu hayaishii kwenye kuta za nyumba moja, na mchezo ule ulilijua hilo.

Sasa upande wa gharama. The Sims 3 ya Windows ni programu ya biti 32, na programu ya aina hiyo haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu. Fundi akikuongezea RAM hadi 16, mchezo hautaziona. Ndani ya nafasi hiyo ndogo kuna mji wote, majirani wote, pamoja na kile chombo kilichokuruhusu kupaka kila kochi na kila shati rangi na nakshi yako, ambapo kila ulichopaka huhitaji picha yake ya kuhifadhiwa. Kwenye laptopu ya mtumba isiyo na kadi ya picha ya pekee, matokeo yanajulikana: feni inapiga kelele, mhusika anasimama katikati ya barabara, saa ya mchezo inasonga lakini mtu hasongi.

Mfano mchungu zaidi ni Isla Paradiso, mji wa visiwa uliokuja na kifurushi cha Island Paradise mwaka 2013. Kwa mtu wa Mfangano au Rusinga, aliyezoea kuvuka maji kwenda sokoni, huo ndio mji ambao angeupenda kwanza. Ndio huohuo unaoganda kuliko yote. Njia za majini na nchi kavu zilichorwa vibaya, boti zinanasa, wahusika wanatafuta njia isiyokuwepo, na kila anayetafuta njia anakula nguvu za mashine. Mashabiki wenyewe waliirekebisha ramani hiyo na kuisambaza bure. Wengine waliandika programu za NRaas, mojawapo ikipita kila usiku wa mchezo kuokoa walionasa na kuondoa magari yaliyotelekezwa. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na kampuni.

The Sims 4 ilijengwa na watu waliokuwa wameona hayo. Mji ukakatwa vipande, na kompyuta inabeba ploti uliyopo na kitongoji kinachoizunguka, watu wakiwa kawaida hadi 20. Rangi za hiari zikaondolewa, zikawekwa zilizopangwa tayari. Nguvu zilizookolewa zikaenda kwenye hisia na kwenye uwezo wa mhusika kula huku akiongea. Na kweli unakwenda kwenye laptopu ya kawaida. Tangu Oktoba 2022 mchezo wa msingi ni bure, ingawa kuupakua kunakula bando la kutosha, na stima ikipotea katikati ya kazi unangoja irudi.

Uamuzi huo wa mashine naukubali. Nisichokikubali ni kilichokosekana siku ya kwanza: mabwawa ya kuogelea yalingoja Novemba 2014, watoto wadogo wanaojifunza kutembea wakangoja Januari 2017. Rangi za ngozi nyeusi zilionekana kama zimepakwa majivu mpaka sasisho la Desemba 2020 lililoleta zaidi ya rangi 100 mpya. Mtu mweusi kuonekana mweusi hakukuhitaji kompyuta kubwa. Kulihitaji mtengenezaji aliyejali mapema.

Wanaotamani mji wazi sasa wana inZOI ya Korea Kusini, iliyoanza kuuzwa Machi 2025. Kiwango chake cha chini ni RAM ya gigabaiti 12 na kadi ya picha ya daraja la RTX 2060. Laptopu nyingi za mtumba madukani kwetu hazina kadi hiyo.

Hukumu yangu: wazo la The Sims 3 lilikuwa sahihi, ujenzi wake haukuwa. Njia ya kati ipo na haihitaji mashine ya bei mbaya. Wahesabu kwa kina walio kwenye skrini, na walio mbali wapitie mara moja kwa saa ya mchezo kama mistari ya jedwali: nani yuko wapi, ana njaa kiasi gani, amegombana na nani. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Rongo na cha Tom Mboya pale Homa Bay, Godot, programu ya kutengenezea michezo, ni ya bure na kazi hii mnaiweza. Anzeni na boma moja lenye watu kumi na wawili, na mlijaribu kwenye laptopu hizohizo mnazoandikia kazi za darasani.