Maiki Shingoni, Neno Sikioni: Mfumo wa Kusikia Usio na Waya Watua Nchi ya Chai

Nimeshika vifaa vingi vya teknolojia, lakini hiki ndicho cha kwanza kunitia hamu ya kubisha mlango wa kila jirani kuanzia Litein hadi Sotik nikiwaambia: njooni muone! Ni vitu viwili tu: maiki ndogo ya kuenea kiganjani na kitanzi cha kuvaa shingoni. Anayesema anavaa maiki. Asiyesikia vizuri anavaa kitanzi. Kati yao hakuna waya wowote, na maneno yanafika masikioni safi, yamenyooka, kana kwamba msemaji ameinama kukunong'oneza.

Mfumo wenyewe ni Roger On wa kampuni ya Phonak ya Uswisi. Ukoo wa Roger ulianza kuuzwa mwaka 2013 na maiki yenye umbo la kalamu. Roger On ikafuata mwaka 2021. Mfumo unatumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, yaleyale ya Wi-Fi na Bluetooth, na hurukaruka kutoka masafa hadi masafa ili usigongane na vifaa vingine. Nimeujaribu na nyanya yangu, ambaye nyumba nzima humwita Kogo, katika pembe hii ya Bomet ambako chai inaanzia mlangoni na kuishia bondeni. Nasema bila kusita: kwa mzee mwenye mashine ya masikio ambaye bado anakaa kimya kwenye mikutano, hakuna kitu kingine nilichokiona kinachofanya kazi hivi.

Kwa nini mashine ya masikio peke yake haitoshi

Wazee wetu husema, "Sauti naisikia, maneno ndiyo siyapati." Wanasema kweli tupu! Kila umbali unapoongezeka mara mbili katika nafasi ya wazi, sauti ya msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6. Aliye mita 8 kutoka kwa mhubiri hupokea desibeli 18 pungufu ya aliyekaa mita 1. Kelele haipungui hivyo, kwa sababu iko kote. Mashine ya masikio hukuza kinachoifikia. Ikifikiwa na maneno machache na kelele nyingi, inakuletea vyote viwili vikiwa vikubwa zaidi.

Sasa fikiria kelele za kwetu. Kericho na jirani zake zinatajwa duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na mvua ya alasiri ikishuka juu ya mabati hata mwenye masikio mazima huweka mkono sikioni. Mashine za kuchumia chai zinanguruma mashambani. Lori la majani linapandisha mlima kwa gia ya kwanza. Kiwandani, feni za kunyaushia majani na mitambo ya kuyasaga haipumziki.

Dawa ni moja: ipeleke maiki mdomoni kwa msemaji. Ikining'inia shubiri moja chini ya kidevu, inalinasa neno kabla kelele haijalimeza. Na Roger hupima kelele ya mahali ulipo na kupandisha sauti ya msemaji kadiri kelele inavyopanda. Huo ndio moyo wa jambo lote!

Kuunganisha: hatua tatu, na jioni hiyohiyo unasikia

Kwanza, chaji. Jaza maiki na kitanzi mapema, maana stima huku haikawii kupotea wingu likitanda. Maiki iliyojaa hukaa kama saa 8, yaani ibada na kikao cha ukoo vyote ndani yake. Pawabenki ya simu inaichaji bila shida.

Pili, kuvijulisha viwili hivi. Viwashe, visogeze hadi viwe ndani ya sentimita 10, bonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye maiki, subiri taa ikujibu. Imekwisha! Hakuna nywila wala kutafuta jina kwenye orodha ndefu. Mpwa wangu wa shule ya msingi alifanya akitazamwa mara moja tu, na sasa yeye ndiye fundi wa nyumba.

Tatu, na hapa ndipo wengi hukwama, herufi T. Kitanzi hutoa uga wa sumaku, na mashine nyingi za masikio zina koili ndogo ndani inayoupokea uga huo na kuugeuza kuwa sauti. Wazo hili ni la zamani: Joseph Poliakoff aliliombea hataza Uingereza mwaka 1937. Lakini mashine nyingi hutoka kliniki koili ikiwa ndani na imelala. Mwambie mtaalamu aliyekupimia, "Niwekee programu ya T." Ikiwa mashine ni ndogo mno na haina koili, ujue hilo kabla ya kutoa pesa. Asiye na mashine kabisa anachomeka spika za masikioni kwenye tundu la kitanzi na kusikia papo hapo. Jirani yetu mzee alivaa hivyo, akacheka peke yake hadi wajukuu wakaja kuchungulia.

Jikoni, kanisani, kwenye mizani

Jaribio la kwanza lilikuwa nyumbani, na ndilo lililonishika. Mama alivaa maiki akaenda zizini kukamua. Kogo alikuwa jikoni nasi, kitanzi shingoni, mikono imezunguka kikombe. Ghafla akasema, "Mwambieni ampe magadi." Tukatazamana. Sisi wenye masikio mazima hatukuwa tumesikia kitu! Nikakimbia zizini. "Mama, ulikuwa unasema nini?" "Nimesema huyu ng'ombe leo amepunguza maziwa." Alikuwa amesema kwa sauti yake ya kawaida, paji la uso likiwa kwenye ubavu wa ng'ombe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, Kogo ndiye aliyetuletea habari sisi.

Chakula kilipoiva tuliilaza maiki mezani. Ikilala, inatambua yenyewe kwamba iko kwenye kikao na kusikiliza pande zote. Ikining'inia kifuani, inamfuata aliyeivaa. Ukiishika na kumwelekezea mtu, inamchagua yeye. Kogo alipata mabishano yote ya bei ya mbolea, akachangia, akakosoa, na akamaliza kwa kutuamuru tule.

Jumapili tukaenda kanisani. Nilimwomba mhubiri mapema, akakubali kwa furaha, akaivaa juu ya tai. Katikati ya mahubiri mvua ikashuka kwa nguvu zake zote, na mabati yakaanza kunguruma. Likatajwa fungu la Biblia. Siku zote Kogo huchungulia ukurasa wa jirani. Safari hii kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye sura na mstari, huku nusu ya benchi letu ikiulizana, "Amesema ngapi?" Wenye majengo makubwa yenye mwangwi wana lao pia. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililofunguliwa mwaka 2015, lina paa linalopanda juu sana, na katika kumbi za namna hiyo maneno hurudi yakigongana. Maiki iliyo karibu na mdomo hupokea neno kabla ya mwangwi wake.

Kisha kituo cha majani. Yeyote aliyewahi kupanga foleni pale anajua: karani anasoma mizani mara moja tu, wanaopakia wanaitana, lori linangoja. Kogo aliishika maiki mwenyewe akamwelekezea karani. "Kumi na tisa nukta sita." Akarudia namba ileile, akapokea risiti na kuitazama. Imelingana. Mkulima amesikia kilo zake kwa masikio yake mwenyewe!

Jioni kuna televisheni. Kidude cha kuwekea maiki wakati wa kuchaji kinapokea waya wa sauti, kwa hiyo tuliiunganisha, na Kogo akasikiliza taarifa ya habari kwa kiwango chake huku sisi tukizungumza kwa chetu. Ule ugomvi wa sauti ya televisheni umekufa.

Mambo ya kuangalia

Umbali wake ni hadi mita 25 hivi, njia ikiwa wazi. Usitegemee kuongea na mtu wa ng'ambo ya bonde. Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hufyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, kwa hiyo msemaji akigeuka na kukupa mgongo kwa mbali, sauti inaweza kukatika.

Nguo zikisugua maiki utasikia msukosuko. Eproni ya plastiki ya wachumaji ndiyo mbaya zaidi. Ibane maiki kwenye kola, juu ya eproni. Upepo wa mlimani nao huvuma ndani yake, basi msemaji aukingie kwa mwili. Nyaya za umeme zilizochakaa na jenereta huleta mlio kwenye programu ya T; sogea hatua chache utafute pasipo na mlio. Baridi na ukungu wa huku huingiza unyevu kwenye mashine za masikio, kwa hiyo zilaze usiku kwenye kopo lenye vidonge vya kukausha.

La adabu: mfundishe kila anayevaa maiki mahali kilipo kitufe cha kuzima sauti, ili mazungumzo yake ya faragha yabaki yake. Na la usalama: huu si mfumo wa kukinga masikio. Kanuni za Kenya za kelele kazini za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku. Kiwandani vaa vizibo vyako.

Bei, na njia za mkato

Bei ni kali, lazima niseme. Maiki na kitanzi pamoja hupita laki moja za Kenya kwa urahisi. Kabla ya kufikia hapo, anza kliniki ya masikio. Nta iliyoziba au usaha wa muda mrefu hutibiwa, na matibabu yenyewe huenda yakarudisha mengi. Mtoto apelekwe kupimwa kwenye kituo cha tathmini ya elimu (EARC). Mtandao huo wa tathmini umekuwapo Kenya tangu miaka ya 1980. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mfuko wa kusaidia kupata vifaa, kwa hiyo uliza ofisi yao ya kaunti. Na mtoto kiziwi anayetumia lugha ya ishara, kama wanafunzi wa shule ya Kedowa, asinyang'anywe lugha yake kwa ajili ya kifaa. Mfumo huu unamfaa zaidi mwenye usikivu uliobaki, hasa aliye kwenye darasa la kawaida lenye watoto wengi na mwalimu mmoja mbele.

Una iPhone na AirPods? Tangu 2018 kuna Live Listen: acha simu mbele ya msemaji, nawe sikiliza kwa mbali. Kwenye Android, Google ilileta Sound Amplifier mwaka 2019. Sauti ya Bluetooth huchelewa kidogo nyuma ya midomo, lakini kwa mazungumzo ya mezani ni mwanzo mzuri usiogharimu mengi. Pia kuna Auracast, iliyotangazwa mwaka 2022 na shirika linalosimamia Bluetooth, ambayo huwezesha ukumbi mmoja kurushia masikio mengi kwa wakati mmoja. Naisubiri kwa hamu huku kwetu! Lakini kwa Kogo singengoja.

Hukumu yangu

Nunueni, na nunueni pamoja. Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 wana upungufu fulani wa kusikia, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Wengi wa hao milioni 430 wako katika nchi kama yetu. Familia moja italemewa na bei, lakini kanisa halitalemewa, wala kiwanda cha chai. Kapkatet, Tegat, Momul, Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek: hivi ni viwanda vya wakulima wadogo, na wenye hisa wengi ni wazee. Kila mwaka hukodi mahema na spika kubwa kwa mkutano ambapo mzee wa safu ya nyuma husikia mvumo tu, kisha humuuliza jirani, "Bonasi ni ngapi?" Maiki moja kwa mwenyekiti na vitanzi kadhaa vya kuazima mlangoni, vikiandikwa kwenye daftari na kurudishwa jioni, vingemaliza swali hilo. Mwenye hisa ana haki ya kusikia bei ya kilo yake, kuuliza, na kusikia jibu. Wakurugenzi, liwekeni kwenye bajeti ya mkutano ujao, na mkihitaji mtu wa kuwaonyesha namna ya kuunganisha, mimi na mpwa wangu tuko tayari!