Fundi wa Mtetemo Hajulikani kwa Spana

Juzi nilikaa kwenye kibanda cha chai pale Makambako nikisikiliza madereva wakimmwagia fundi mmoja sifa. Kabadilisha senta beringi ya semi kabla chai haijapoa, gari limeondoka, mtetemo umepungua, basi kawa bingwa. Nikauliza beringi iliyotolewa iko wapi. Imetupwa. Na ile ya kabla yake ilidumu muda gani? Dereva mmoja akacheka: hii ni ya tatu tangu Krismasi. Beringi tatu kwenye gari moja, na kila anayeifunga anaondoka na sifa zake!

Kufunga beringi ni kazi ya mikono. Kijana yeyote mwenye pula na jeki ya kuaminika atajifunza. Kujua kwa nini ya zamani ilikufa ndiyo ufundi wenyewe, na matajiri wa malori hawataki kuulipia kwa sababu hauji ndani ya boksi.

Fundi anayestahili jina hilo utamjua kwa maswali. Haulizi gari linalia wapi, maana chuma husafirisha mlio, na dereva aliyekaa juu ya injini ataapa kuwa kelele iko kwenye giaboksi hata kama inatoka kwenye habu ya nyuma. Anauliza mtetemo unaanza spidi ngapi na unapotea spidi ngapi. Ukiachia mafuta? Ukikanyaga klachi? Ukitoa gia, gari likaserereka lenyewe? Likiwa tupu, na likiwa na mzigo? Halafu linakuja swali ambalo kwangu ni nusu ya mtihani: mara ya mwisho lilifunguliwa wapi, na kilifunguliwa nini?

Baada ya hapo anapanda. Asiyepanda gari si fundi wa mtetemo, hata awe na vyeti vya kujaza ukuta. Akiwa ndani, masikio ni ya ziada. Anapima kwa makalio na nyayo. Tairi la 315/80 R22.5 lina mzunguko wa mita 3 na robo hivi, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa linazunguka karibu mara 7 kila sekunde. Difu ikiwa ya nne kwa moja, propela inazunguka mara 27 hivi katika sekunde hiyo hiyo. Kinachoyumbisha usukani taratibu, kiasi kwamba unaweza kukifuata kwa kidole, ni tairi, rimu au dramu. Kinachotia nyayo ganzi na kutetemesha vioo mpaka magari ya nyuma yanakuwa ukungu, hicho kinazunguka na propela. Kuvitofautisha hakuhitaji mashine. Asiyeweza anabahatisha kwa hela ya tajiri.

Mengine kila utingo anayajua: beringi ya habu hubadilisha sauti kwenye kona, pinioni huvuma gari likivuta na kunyamaza likiachiwa, tairi hubadilisha mlio lami ikibadilika. Na masika, kabla ya yote, gari lioshwe. Tope lililoganda ndani ya rimu limewalisha mafundi wengi. Mlima Kitonga unapima hayo yote bure: panda na mzigo, shuka na gia, utajua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwenye gari halitazami kamwe. Ni alama za propela.

Propela ya vipande viwili kabla haijafunguliwa, fundi mzuri anaifuta. Anachukua kitambaa na dizeli, anaondoa tope na grisi pale splaini inapoingia, anatafuta mishale miwili iliyopigwa kiwandani. Asipoiona, anapiga alama zake kwa tindo: mstari mmoja kwenye bomba na mmoja kwenye kipande kinacholivaa, itazamane, kisha mingine kwenye flenji. Hapo ndipo anapookota spana. Na alama ni ya tindo. Chaki inafutika kwenye dizeli, rangi inabanduka, na fundi wa chaki mimi simpi gari.

Sababu iko kwenye krosi, kile kiungo kinachoiruhusu propela kupinda. Krosi ikifanya kazi ikiwa imepinda, haipitishi mzunguko sawasawa. Upande unaosukuma unakwenda mwendo mmoja. Unaosukumwa unaharakisha na kupunguza, mara mbili kwa kila mzunguko. Krosi ya pili imewekwa pale kulipa deni la ya kwanza: mwenzake akiharakisha, yeye anapunguza, na difu inapokea mzunguko uliotulia. Deni hilo hulipika tu kama masikio yanayoshika krosi kwenye ncha mbili za kipande cha nyuma yamelala sambamba. Splaini ikiwa na meno 16, ukikosea jino moja umeyapotosha masikio kwa digrii 22 na nusu. Kwa macho huoni kitu. Nati zimekazwa, grisi imejaa, rangi inang'aa. Barabarani inapiga, na kipigo kinaishia kwenye senta beringi, kwa kuwa ndiyo iliyoning'inizwa kwenye mpira katikati. Mpira unachanika, beringi inalia, kila mtu anainyooshea kidole. Mkiendelea kuibadilisha yenyewe tu, sili ya nyuma ya giaboksi itaanza kuvuja, na hapo ataitwa fundi wa giaboksi.

Kwa hiyo ukisikia beringi tatu tangu Krismasi, usiulize zilinunuliwa duka gani. Uliza krosi ilibadilishwa lini, na nani, maana huenda hapo ndipo propela ilipofunguliwa.

Mzee mmoja wa Uyole, aliyejifunzia kazi kwenye Fiat 682, zile zilizopeleka mafuta Zambia baada ya Rhodesia ya Smith kujitangazia uhuru 1965, aliletewa Scania iliyozishinda gereji mbili. Krosi mpya, beringi mpya, propela imebalansiwa kwenye mashine Dar es Salaam. Akapanda, akazungushwa nalo mara moja, akashuka, akaingia chini na kitambaa chake. Mishale ilikuwa inatazamana. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye akaishusha propela, akailaza juu ya mbao mbili, akaweka pimamaji kwenye masikio ya mbele, kisha ya nyuma. Povu halikukaa mahali pamoja. Akakwangua rangi, akakuta mstari wa kulehemu: bomba liliwahi kukatwa na kuungwa, na aliyeliunga hakujali masikio. Mishale ilisema kweli, bomba ndilo lililosema uongo. Balansi haiponyi hilo, maana uzito ulikuwa sawa kabisa.

Wadanganyifu nao wana ustadi wao. Kuna anayetia unga wa mbao kwenye difu ili inyamaze mpaka gari liuzwe. Kuna anayekuta habu imelika, akaitoboa vidoa kwa senta panchi ili beringi mpya ikae kwa kubana. Itabana hadi Mafinga. Propela nyingi za siku hizi zina jino moja lililozibwa makusudi zisifungike vibaya, na nimeshaona jino hilo likisagwa kwa grainda. Mbaya kuliko wote ni anayezungushia vipande vya tyubu kwenye mpira wa senta beringi. Mtetemo unapungua palepale, na dereva anamnunulia soda.

Beringi iliyotolewa ioshwe na itazamwe mchana, nje, si kwa tochi ya simu. Njia ya rola ikiwa imelika upande mmoja, kuna kitu kimepinda. Vishimo vilivyopangana kwa nafasi sawa ni nyundo ya aliyeifunga. Bluu ni joto. Vidoa vilivyoungua ni mtu aliyechomelea chasisi na kubana waya wa ethi mahali pabaya, umeme ukapita katikati ya rola. Zamani, enzi za Scania zilizounganishwa Kibaha, kijana alikuwa anaosha beringi na kuzisoma muda mrefu kabla hajaruhusiwa kufungua nati. Leo wiki ya kwanza anakabidhiwa mashine ya upepo.

Kazi ikiisha, usilipe gari likiwa kwenye jeki. Lirudi barabarani, spidi ile ile, mzigo ule ule, na fundi akae ndani. Na usitazame kama mtetemo umepungua tu; tazama umekwenda wapi. Kama ulikuwa kwenye kilomita 60 na sasa unatokea kwenye 75, hakuna kilichopona, kuna mpira uliokazwa mahali. Simamisha, ingia chini mwenyewe, papasa senta beringi. Utaikuta tyubu.