Ustadi wa Kupunguza Sauti

Katika redio ya ridhaa, kinachosifiwa ni antena. Watu hupigana picha chini ya milingoti. Kupima kiwango cha kipaza sauti hakuna anayekupigia picha. Ni kifundo kidogo kinachozungushwa siku mtambo unapotoka kwenye boksi, kisha kikasahauliwa. Nami nashikilia kwamba hapo ndipo fundi anapojulikana. Antena huonyesha ukubwa wa kiwanja cha mtu. Kiwango cha sauti huonyesha adabu yake.

Mfumo wa SSB, ambao ndio hubeba mazungumzo mengi ya masafa mafupi, ni mfumo wa kubana matumizi. Mmarekani John Renshaw Carson aliuombea hataza mwaka 1915, na mwaka 1927 huduma ya simu kati ya New York na London ilianza kupita hewani kwa njia hiyo. Wimbi linalobeba sauti halirushwi, na upande mmoja kati ya pande mbili za sauti hutupwa. Kinachobaki ni sauti tupu ya msemaji, imepandishwa hadi masafa ya juu, ndani ya upana usiozidi kilohezi 3. Ukinyamaza, mtambo haurushi kitu. Ndiyo maana mita ya kawaida kwenye mtambo wa wati 100 huweza kuchezacheza kwenye 20 au 30 mtu anapoongea: vilele vya sauti hufika 100 na kushuka kabla mshale haujawahi. Asiyejua hilo hudhani redio yake imechoka. Basi huongeza sauti, akaongeza tena, mpaka mshale umridhishe.

Hapo ndipo madhara huanza. Kikombe kikishajaa, unachozidi kumimina huishia mezani kwa jirani. Mafundi hupima jambo hili kwa kuingiza milio miwili, mathalani hezi 700 na hezi 1,900. Kikuza nguvu kikisukumwa kupita uwezo wake, milio hiyo huzaa mingine ambayo hakuna aliyeipiga: mmoja kwenye 3,100, nje ya ule upana wa kilohezi 3, na mwingine hezi 500 upande wa pili kabisa, ule ambao SSB iliutupa makusudi. Hiyo ni milio miwili tu. Sauti ya binadamu ina mingi mno, na kila jozi huzaa watoto wake.

Anayeumia ni mtu wa tatu. Usiku, kwenye mkanda wa mita 40, Dar es Salaam, Nairobi, Muscat na Ulaya hukutana pamoja. Kwa upande wetu wa dunia mkanda huo una kilohezi 200, kuanzia 7,000 hadi 7,200, na msimbo wa Morse na data navyo vina sehemu yake humo. Mtu mwenye wati 10 na waya uliofungwa kwenye mwembe anaweza kusikika mbali sana usiku huo, ilimradi jirani yake wa masafa hakutapakaa. Aliyetapakaa haoni lolote: upande wake mita inapendeza.

Mtambo una mlinzi wake, ALC, anayepunguza ukuzaji nguvu inapokaribia kuzidi. Wengi humfanya mtumwa. Lakini mlinzi huyu hushika baada ya kilele kuanza kupita, kisha huachia katikati ya maneno, na akiachia, mtambo huchota kila kilichomo chumbani: feni, mvua juu ya bati, jogoo wa jirani. Kwa hiyo kazi nzuri ni kumpa kazi ndogo. Unganisha mzigo wa bandia wa omu 50 badala ya antena, ili usimsumbue mtu. Zima kwanza kibanio cha sauti, yaani kile kinachokaribianisha sauti ndogo na kubwa. Weka kipaza sauti vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, kikiwa kimegeuka kidogo ili pumzi ya "p" na "b" isikigonge. Kisha ongea kama uongeavyo hewani hasa. Usihesabu "moja, mbili" kwa unyonge halafu ukaenda kupiga kelele usiku mawimbi yanapofifia. Pandisha mpaka mshale wa ALC utikisike kwenye vilele tu. Mitambo mingine huchorewa eneo ambalo mshale haupaswi kulipita. Kitabu cha mtambo kitakuambia. Kibanio kifuate mwisho, kwa kiasi, desibeli chache.

Kisha lipo suala la besi, ambalo wanaume hasa hulipenda. Wanataka kifua chao kisikike kama cha mtangazaji wa taarifa ya habari. Ila nguvu nyingi ya sauti imo kwenye vokali, chini, na maana imo kwenye konsonanti, juu. Chukua paka, taka, saka, shaka: ondoa konsonanti ya mwanzo, unabaki na kitu kimoja. Besi hula wati bila kumsaidia anayesikiliza katikati ya mikwaruzo. Bob Heil wa Illinois alilielewa hili kwa masikio. Alipiga kinanda cha mabomba katika ukumbi wa Fox, St. Louis, akawa fundi sauti wa bendi za roki, na tangu ujana alikuwa mwendeshaji wa redio, K9EID. Kwa ajili ya kuwasiliana na mbali alitoa kipaza sauti kilichokata besi na kuinua masafa ya karibu hezi 2,000. Kikisikilizwa sebuleni ni chembamba. Kwenye kelele, kinapenya.

Pamoja na mita zote hizo, msemaji ndiye mtu pekee asiyeweza kujisikia kama wengine wamsikiavyo. Sauti yake humfikia pia kupitia mifupa ya kichwa. Anahitaji mwenzake. Na hapa desturi yetu imelegea: tunagawa ripoti ya usikivu ya "tano-tisa" kama salamu, ingawa ile tano imekusudiwa kueleza kama maneno yanaeleweka. Msomaji, ukimsikia mwendeshaji mwenzako anakwaruza au ametapakaa, usimpe tano-tisa ya bure. Mwambie kwa upole apunguze, kaa naye masafani wakati anazungusha kifundo, na mthibitishie panapokaa sawa.