Boneti Ndefu, Mkia Mfupi: Uhakiki wa Umbo la Mustang Katika Bonde la Ufa

Umbo la Ford Mustang limejengwa juu ya uamuzi mmoja: nafasi kati ya gurudumu la mbele na ukingo wa mlango imerefushwa kupita mahitaji ya gari la watu wanne, na kila sehemu nyingine, kuanzia kioo cha mbele kilicholazwa hadi buti linalokatika ghafla nyuma ya magurudumu, imepangwa ili urefu huo ulitawale jicho. Dereva na abiria wamesogezwa nyuma, karibu na ekseli inayolisukuma gari, na mbele yao pameachwa uwanja mrefu wa bati. Uwiano huu, ambao katika makala haya nitauita uwianomsingi, ndio unaotuwezesha kuitambua Mustang kwa mbali, hata ikiwa imefunikwa turubai katika yadi ya magari mjini Nakuru. Vipambo vinaweza kubadilishwa, na vimebadilishwa mara nyingi. Uwiano ukivunjwa, gari hupoteza jina lake machoni pa msomaji hata kama farasi wa nembo angali mbele ya radieta. Hoja yangu ni kwamba uwianomsingi ni ahadi, na kwamba historia nzima ya gari hili, pamoja na kazi ya kulinunua likiwa limetumika, ni kazi ya kupima kama kilicho chini ya bati kinaitimiza.

Ahadi hiyo ilitolewa New York tarehe 17 Aprili 1964, na tangu siku ya kwanza ilikuwa na mvutano ndani yake. Chini ya bati jipya palikuwa na viungo vya Ford Falcon, gari la familia la bei nafuu, na mnunuzi aliyelipa bei ya chini kabisa, dola 2,368, alipata injini ya silinda sita iliyotokana na Falcon hiyo hiyo. Boneti ilisema jambo moja, injini ikasema jingine. Mhakiki mwenye haraka ataliita jambo hilo udanganyifu, lakini mimi naliona kuwa kiini cha ufundi wake, kwa sababu wabunifu walielewa kwamba ukubwa huzaliwa katika mpangilio wa sehemu kabla ya kuzaliwa katika vipimo. Gari lilikuwa na urefu wa takriban mita 4.6, kiasi kidogo kwa Marekani ya wakati ule, na bado lilionekana refu. Ubavuni walichonga mfereji unaoanza nyuma ya gurudumu la mbele, ukakata mlango, ukaishia kwenye mdomo wa hewa mbele ya gurudumu la nyuma. Mdomo huo haupitishi hewa yoyote, ila mstari wake hulipeleka jicho kule ambako nguvu hugusa barabara. Nyuma waliweka taa zilizogawanywa mapande matatu ya wima kila upande. Anayezijua bahari za ushairi wetu ataisoma hapo tathlitha: mishororo mitatu mifupi, yenye urefu sawa, ikirudiwa kulia na kushoto. Katika toleo la 1994 mapande hayo yalilazwa mlalo, wapenzi wa gari wakalalamika, na kufikia 1996 yakasimamishwa tena. Kibwagizo kilikuwa kimekwisha kuwa mali ya wasikilizaji.

Wiki chache kabla ya uzinduzi wa New York, ukoo wa gari hili ulikuwa umekwisha kupimwa kwetu. Katika Safari Rally ya Pasaka ya 1964, Ford ya Marekani ilileta kikosi cha Mercury Comet, gari lililotokana na Falcon kama ilivyotokana Mustang, na Comet nyingi hazikufika mwisho; ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes na Bill Young katika Ford Cortina GT, gari dogo la kutoka Uingereza. Mustang yenyewe ilibaki mbali nasi kwa sababu ya usukani. Kwa nusu karne kiwanda chake kiliiunda kwa usukani wa kushoto, na sisi tunaopita upande wa kushoto wa barabara tunahitaji usukani wa kulia, ambao sheria ya Kenya inaudai kwa magari yote isipokuwa machache ya kazi maalumu. Basi umbo lilitufikia kwa mkono wa Kijapani. Toyota Celica, iliyotoka mwaka 1970, iliuchukua uwianomsingi ikaupunguza, na ile yenye mgongo wa mteremko iliyofuata mwaka 1973 ilifanya mwingilianomatini wa wazi kabisa na Mustang, hadi kwenye taa za nyuma zenye mapande ya wima. Celica ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986, na mwaka 1994 Mkenya Ian Duncan alishinda kwa Celica ya kizazi cha baadaye. Hata hivyo, tofauti ya umbo kati ya ushindi ule wa kwanza na huu wa Duncan ni kubwa. Celica ya miaka ya themanini bado ilisukumwa na magurudumu ya nyuma na ilikuwa na pua inayostahili kuitwa pua. Ya Duncan ilikuwa imelazwa injini kwa upana na kusukumwa na magurudumu manne, na boneti yake ilikuwa imefupika. Ilikuwa bora zaidi kwa matope ya Safari, lakini ilikuwa imeacha kuzungumza lugha ya 1964.

Vizazi vya katikati vya Mustang sitavikalia sana. Kufikia 1971 gari lilikuwa limenenepa hadi uwiano ukazama ndani ya uzito. Mwaka 1974 likakatwa kupita kiasi, likajengwa kutokana na Ford Pinto na kuuzwa mwaka huo bila injini yoyote ya V8. Mwaka 1979 likawa la pembe na mistari iliyonyooka. Tukio moja tu la kipindi hicho linastahili kituo. Katika miaka ya themanini Ford ilikusudia Mustang irithiwe na gari la kusukumwa na magurudumu ya mbele lililotokana na Mazda, na wapenzi wake wakapinga kwa nguvu hadi gari hilo likauzwa kwa jina la Probe. Upinzani huo husimuliwa kama hisia za uzalendo, nami nadhani ulikuwa uhakiki sahihi wa fani. Injini inayosukuma magurudumu ya mbele huyavuta magurudumu hayo karibu na mlango, na palipo na gurudumu karibu na mlango uwianomsingi hauwezekani. Watu wasiojua istilahi yoyote ya ubunifu waliona kwamba sentensi ingepoteza kitenzi chake.

Kwa msomaji wa Kenya matini kamili inaanza mwaka 2015, kiwanda cha Flat Rock, Michigan, kilipoanza kutoa Mustang ya usukani wa kulia. Uhamisho huo ulikuwa umeandaliwa na fani yenyewe. Dashibodi ya 1964 ilikuwa na mapaji mawili yaliyoinuka, moja mbele ya dereva na moja mbele ya abiria. Wabunifu wa 2015 waliurithi ulinganifu huo, na kwa kuwa pande mbili zinalingana, usukani uliweza kuvuka bila utungo kuvunjika. Alama ya uhamisho imebaki mahali pamoja: kijiti cha indiketa kiko kushoto, na dereva aliyezoea magari ya Japani atawasha waipa mara kadhaa kabla mkono haujajifunza. Umbali kati ya ekseli mbili ni milimita 2,720. Mwaka 1964 ulikuwa 2,743. Baada ya miaka 50 ya kupanuka na kukonda, kipimo kinachobeba mizani ya umbo kimetofautiana na cha mwanzo kwa milimita 23 tu.

Kilichobadilika kwa kweli kiko chini. Karibu Mustang zote kabla ya 2015 zilikuwa na ekseli moja nzima nyuma, ambayo hulifanya gurudumu la kulia lisumbuke pindi la kushoto linapokanyaga shimo. Toleo la 2015 lililipa kila gurudumu mwendo wake. Kwenye barabara ya Nakuru kwenda Nyahururu, inayopanda Bahati, ikashuka kwa kona kali hadi Subukia na kupanda tena, mabadiliko hayo ndiyo yanayolifanya gari listahili umbo lake, kwani mapaja yaliyotuna juu ya magurudumu ya nyuma sasa yana kazi ya kweli chini yake. Gharama ya uwianomsingi nayo haijafichika. Viti vya nyuma vimebanwa mno, na shirika la Euro NCAP lilipolipima gari hili mwanzoni mwa 2017 lililipa nyota 2, sehemu ya lawama ikihusu ulinzi wa aliyeketi nyuma. Baada ya marekebisho lilipata 3. Mwenye watoto na alisome hilo mara mbili.

Injini huleta swali gumu zaidi. Ziko mbili za kuchagua, V8 ya lita 5.0 na ya silinda nne ya lita 2.3 yenye tabo, na ladha ya wengi imekwisha kuamua kwamba ya kwanza ndiyo sauti halali ya boneti ile. Lakini Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza hapa karibu moja ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye karatasi, ilhali tabo hufidia sehemu kubwa ya pengo hilo kwa kusukuma hewa zaidi ndani. Ushuru nao una kauli yake: injini ya petroli inayozidi cc 3,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35, na ya lita 2.3 asilimia 25. Anayesema kwamba silinda nne chini ya boneti ndefu ni uongo akumbuke silinda sita za Falcon. Urefu ule haukuwahi kuwa kipimo cha injini.

Sasa tuje kwenye nakala iliyotumika, kwa maana kila gari lililokwisha kupita mikononi mwa watu ni nakala yenye masahihisho ya wanakili wake. Sheria huruhusu kuingiza gari lisilozidi miaka 8 tangu usajili wa kwanza, kwa hiyo nyingi zinazofika kwetu zinatoka Uingereza, na hilo lina athari tatu. Spidomita husoma maili: 40,000 zilizoandikwa pale ni kilomita 64,000 hivi, na muuzaji asiyelitaja hilo ameanza vibaya. Barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo kutu hutafutwa chini ya gari, kwenye maungio na mabomba ya breki, kabla ya kutafutwa mlangoni. Faida ni kwamba ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, ambao kwa kawaida huanza gari likifikisha miaka 3, huacha rekodi inayosomeka bure mtandaoni kwa namba ya usajili ya huko, pamoja na maili zilizoonekana kila mwaka. Tafuta pia kama gari lilipewa na kampuni ya bima alama ya S, inayomaanisha kwamba kiunzi kiliumia, au N, kwamba kiunzi kilisalimika.

Mafundi wetu wa bodi hupima fila kwa sumaku, na kwa gari hili njia hiyo inahitaji tahadhari: boneti na mabawa ya mbele ni aluminiamu, sumaku haishiki hapo hata kama bati halijawahi kuguswa. Milango na ubavu wa nyuma ni chuma, na huko sumaku isiposhika pana maswali. Kwenye ncha ya boneti tazama rangi iliyovimba malengelenge, ugonjwa unaojulikana wa aluminiamu hiyo. Kisha usome mianya kati ya boneti na mabawa kwa urefu wake wote. Katika umbo linalotegemea mstari mrefu kiasi hiki, mwanya unaopanuka kuelekea kioo husimulia ajali ambayo rangi mpya imeinyamazisha. Springi zilizokatwa ili gari liiname, ekzosi ya kelele, rimu pana zinazotokeza nje: hivi ni vipande vilivyochopekwa na mkono mwingine, na matuta ya Gilgil yatavisahihisha kwa gharama ya mnunuzi.

Namba ya chasi ina herufi na tarakimu 17. Ya nane hutaja injini, H kwa lita 2.3 na F kwa V8. Ya kumi hutaja mwaka wa toleo, F ikiwa 2015, J ikiwa 2018, K ikiwa 2019. Uamuzi wangu kwa anayeishi kati ya Naivasha na Mau Summit ni gari lenye H na J, au H na K: boneti ilishushwa katika uhariri wa 2018, gari likapata gia 10 za otomatiki kwa anayezitaka, na injini yake inaielewa hewa yetu. Liwe halijachopekwa chochote. Lisikilizwe asubuhi injini ikiwa baridi, na kiwango cha maji ya radieta kitazamwe kwa makini, kwa kuwa baadhi ya injini hizi za lita 2.3 huvujisha maji kwenye kichwa cha silinda. Na fedha zisitoke mkononi kabla namba iliyo chini ya kioo cha mbele haijalingana, herufi kwa herufi, na ile iliyo kwenye rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama ya Kenya.