Picha Nne za Mama Bwenini

Mama ana picha nne tu za miaka yake ya bweni, 1979 hadi 1982. Nimezitazama tangu utotoni, na nakiri kwamba nilizisoma vibaya.

Katika zote, viatu vinang'aa na kola zimepigwa pasi. Hakuna jembe hata moja. Ajabu, maana hicho kilikuwa kipindi cha Elimu ya Kujitegemea, sera ambayo Nyerere aliitangaza mwaka 1967, na wanafunzi walilima kweli. Isitoshe, nchi ilikuwa imetoka vitani na Idi Amin. Sabuni na sukari vilikuwa vya kutafutwa kwa tochi. Nikadhani picha zinadanganya.

"Mwanangu," Mama akacheka, "nani alipe hela ya picha akiwa na matope?"

Hapo ndipo nilipokosea. Mpiga picha alikuja siku ya kufunga shule, na kila msichana alilipia sura aliyotaka ibaki. Albamu si ripoti ya shule. Ni tawasifu, na kama tawasifu zote, mwandishi ndiye anayechagua cha kuacha.

Picha ya nne imekatwa kwa mkasi. Begani kwa Mama vimebaki vidole vinne vya mtu mwingine. Siku zote niliamini ilikatwa ili iingie kwenye fremu. Kumbe ni rafiki yake wa kitanda cha juu, aliyefukuzwa kwa sababu ya ujauzito. Aliyekata ni Mama mwenyewe. "Niliogopa kuonekana naye. Nilikuwa na miaka kumi na sita."

Novemba 2021 serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni, Mama alizima redio, akaenda kuitoa ile picha sandukuni. Hakusema kitu.

Kumbukumbu nyingi za bweni tunazozisoma zina kande, kengele, matroni mkali na vicheko. Sizichukii. Ila sasa nikizisoma natafuta palipopita mkasi.

Roland Barthes, katika kitabu chake cha 1980 kuhusu upigaji picha, anaizungumzia mno picha ya mama yake akiwa mtoto, lakini haichapishi. Kwetu ingekuwa picha ya kawaida tu. Mimi pia siiweki hapa ya Mama. Sababu yangu ni nyingine: vile vidole vina mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumuuliza.