Bandari, Lango au Poti? Uhakiki wa Istilahi katika Maelekezo ya Kubadilishana Mafaili

Maelekezo ya Kiswahili ya kuandaa kompyuta ili ibadilishane mafaili na kompyuta nyingine moja kwa moja, pasipo seva ya kati, mara nyingi huegemea istilahi mbili zenye kasoro: "ukuta wa moto" na "bandari". Ya kwanza ni tafsiri sisisi. Katika ujenzi, ukuta uliokusudiwa ni ule unaozuia moto usienee. Kiswahili kimeugeuza ukuta unaowaka. "Ngome" inafaa zaidi, kwani ngome ina lango na lango lina bawabu. Ya pili imechanganya maneno mawili ya Kilatini: porta, yaani lango, na portus, yaani bandari. Poti ya kompyuta ni ya ukoo wa lango. Neno la mkopo "poti" angalau halimpeleki msomaji Mombasa.

Tatizo si ufasaha tu. Msomaji anayeagizwa "fungua bandari 6881 hadi 6889", nambari zilizozoeleka tangu enzi za mwanzo za BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, haambiwi kama anamfungulia anayetoka au anayeingia. Tofauti hiyo ndiyo kiini. Kwa kawaida ngome huiruhusu kompyuta kuanzisha mawasiliano ya kwenda nje. Ndiyo maana mafaili huweza kushuka hata pasipo kufunguliwa chochote. Kinachokosekana ni kuitikia hodi ya mgeni. Wawili waliojifungia, kila mmoja akibisha asiitikiwe, mara nyingi hawakutani.

Kitenzi "fungua" nacho humfanya msomaji adhani poti ni tundu ukutani. Sivyo: hodi huitikiwa pale tu ambapo kuna programu inayosikiliza. Kwa hiyo inayopasa kuruhusiwa ni programu husika, kwa poti yake moja, kwa TCP na UDP, wala si msururu wa nambari tisa. Maelekezo yanayoshauri ngome yote izimwe "kwa majaribio" yanastahili lawama kali, kwa kuwa jaribio husahauliwa na kompyuta ikabaki wazi.

Jambo zito zaidi limefichwa na ukimya. Kuruhusu poti katika kompyuta hakutoshi iwapo ruta haijaelezwa mgeni apelekwe kwenye kompyuta ipi. Tena, kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Mwaka 2012 fungu la anwani 100.64.0.0/10 lilitengwa mahsusi kwa mpangilio wa namna hiyo. Mteja anayeiona anwani ya fungu hilo upande wa nje wa ruta yake hawezi kulifungua lango hilo la tatu.

Washauri wa sera hawana budi kulitazama hilo, maana Debian na LibreOffice husambazwa kihalali kwa njia hii pia. Maelekezo yasiyolitaja lango la tatu humwacha mtumiaji akirudia hatua zilezile, akidhani amekosea, ilhali ufunguo uko kwa kampuni.